Isome Peke Yako, Baba

Zombo, 4 Machi 2024

Mwanangu Raheli,

Bwana asifiwe. Hapa hatujambo, ila mvua imezidi na mahindi ya bondeni yamelala.

Mwandiko huu ni wa Obed, katibu wetu wa kanisa. Nilijikata kiganja na panga nikifyeka nyuma ya nyumba, vidole vinakataa kalamu. Usishtuke. Ni kuandika tu kumenishinda. Barua zako nazisoma mwenyewe, maadamu unaendelea kutumia ile kalamu nene na herufi kubwa kama za ubaoni. Na usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwetu mtandao unapatikana kwenye kichuguu kimoja tu, na pale kichuguuni kila mtu ana masikio. Simu ni ya kujua kama mtu yu hai. Mengine tuandikiane.

Yale maneno ya Hagari jangwani yalifika salama, unajua ninayosema. Mama mmoja alilia mpaka akatolewa nje. Ya Pasaka yawahi, kondakta wa gari la Kilosa asiyasahau tena pale kituo cha kijiji cha Ulaya.

Sasa jambo lenyewe. Obed na mkewe Anitha wamepata mtoto wa kike, baada ya miaka tisa ya ndoa. Mchungaji atatoka Kilosa kumbatiza siku ya Pasaka, nao wanaomba uwe msimamizi wake wa ubatizo. Obed anaona haya kuliandika hili, nimemlazimisha. Nimewaambia huwezi kukataa. Nani mwingine katika mtaa wetu aliwahi kusema Zaburi ya mia na kumi na tisa yote bila kutazama, akiwa na miaka kumi na mmoja? Utambeba mtoto, utajibu maswali matatu, Jumatatu utarudi Mikumi kwa wanafunzi wako.

Baba yako,
Mwinj. Filipo Ngassa


Mikumi, 11 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Barua hii isome peke yako. Funga mlango, mwambie Obed unapumzika. Usijibu mpaka mkono upone. Nitasubiri, sitaki jibu lake lipite mkononi mwa mtu.

Siwezi kumsimamia mtoto wa Obed. Maswali yale matatu nayajua, na la kwanza tu litanishinda. Linauliza kama namwamini Mungu. Si kwamba nina mashaka. Mashaka nilikuwa nayo mwaka juzi, yalikuwa na joto kama homa. Yamekwisha, nimebaki na uchovu. Baba, siamini kwamba yupo.

Nimeitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu. Kwa herufi hizi kubwa inafanana na tangazo la mkutano wa kijiji.

Najua utamtafuta aliyeniharibu. Utasema ni chuo, au simu, au mwanamume. Hayupo. Ni ile kazi uliyonipa. Tangu uliponiambia macho yanachoka, ukaomba nikuandalie mahubiri, nimeisoma Biblia nzima mara tatu, polepole, na daftari pembeni, jinsi ninavyosahihisha mitihani. Msikilizaji anaweza kuruka aya. Anayetafuta cha kuhubiri haruki. Nilikuwa naandika maswali pembeni na kuyaombea. Baadaye nikawa nayaombea kwa mazoea. Asubuhi moja mwaka jana nilikuwa napiga mswaki nje ya nyumba za walimu, malori yanapanda kuelekea Iringa, nikagundua sijaomba kwa siku tatu na hakuna kilichobadilika, hata mimi.

Hapa anayejua ni Naomi, mwalimu mwenzangu ninayeishi naye. Niliponyamaza wiki nzima kwenye ibada ya walimu alinibana jikoni. "Wewe?" akasema. "Wewe unayetusahihisha sura na mstari?" Kisha akacheka, akidhani natania, kisha akaacha kucheka. Jumamosi yake alileta akina mama watatu. Wote huanza na Zaburi ya kumi na nne, baba, ile ya mpumbavu, kana kwamba mimi sijawahi kufika huko. Nilimwambia mmoja, "Malizia mama, aya haiishii hapo, inasema hakuna hata mmoja atendaye mema, na hapo tupo wote." Alikasirika kuliko kama ningemtukana. Wa pili akasema hata mashetani huamini na kutetemeka. Nikamwambia hiyo ni Yakobo, sura ya pili. Wakafunga mikoba yao.

Nimejifunza jambo. Asiyeamini kwa sababu hajasoma, wanamhurumia. Aliyesoma wanamtazama kama mtu aliyefukua kaburi. Ningekuwa mlevi wangejua pa kunishika.

Mahubiri ya Pasaka yako kwenye karatasi za bluu. Nimeyaandika kwa moyo wote, usiniulize ni moyo gani. Mwambie Obed nina usimamizi wa mitihani. Nitaendelea kukuandikia kila juma, ukinikataza nitaacha. Ila usimwambie mtu. Wakijua mimi nilivyo wataanza kukuuliza wewe.

Mwanao,
Raheli


Zombo, 16 Machi 2024

Dada Raheli,

Bwana asifiwe. Naanza hivyo kwa sababu sijui nianzeje na wewe.

Barua yako niliisoma mimi. Usimlaumu mzee kabla hujafika mwisho. Baba yako haoni. Sisemi haoni vizuri. Haoni. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata Juni mwaka jana. Panga lilimkata kwa sababu hiyo. Tunaojua ni mimi na mke wangu tu. Mahubiri yako namsomea Ijumaa, mara tatu au nne, naye anayashika yote. Jumapili namshika kiwiko mpaka mimbarini kana kwamba ninamheshimu tu. Watu wanasema siku hizi mwinjilisti anahubiri bila karatasi, Roho amemzidishia. Tumenyamaza kwa kuwa mwinjilisti asiyeweza kusoma hustaafishwa, na nyumba anayokaa ni ya kanisa.

Uliposema isome peke yako, nilikuwa nimeshaitamka kwa sauti kabla sijaielewa. Nikamwambia, "Mzee, hii si ya kusomwa na mimi."

Akasema, "Isomwe na nani? Nipe jina." Nikaikunja karatasi. "Basi soma."

Nilipofika pale unapomkataa mtoto wangu nilisimama. Akauliza, "Obed, imeisha?" Nikasema bado. "Basi soma." Nikasoma mpaka jina lako. Nilipomaliza akaniuliza kama nje kunanyesha. Mvua ilikuwa juu ya bati tangu asubuhi, tulikuwa tunapigiana kelele.

Nimekukasirikia, dada. Yule mama aliyetolewa nje siku ya Hagari ni Anitha wangu. Miaka tisa aliyaficha aliyokuwa nayo, maneno yale yakamfungua. Sasa nimwambie yaliandikwa na mtu asiyeamini kitu? Basi siku ile aliguswa na nani?

Mimi ni katibu, niliapa. Nimewaambia wazee wa kanisa habari zako. Macho ya mzee sikuyataja. Walinishinda kwa swali moja: "Wewe ulijuaje yaliyomo kwenye barua ya mwinjilisti?" Hapo na ya macho yakatoka.

Watakaa kikao baada ya Pasaka.

Obed


Mikumi, 21 Machi 2024

Kaka Obed,

Barua yako niliisoma nimesimama ofisini, kisha nikaingia kidato cha pili. Sijui niliwafundisha nini.

Desemba nilikuja nyumbani. Nilikaa siku nne. Alinipokea mlangoni akaniambia nimenenepa. Nilimwona akipapasa kikombe mezani nikadhani ni uzee. Nilimwacha amekaa barazani, akanipungia mkono muda mrefu, hata baada ya pikipiki kupinda. Kumbe alikuwa anaipungia sauti.

Una haki ya kunikasirikia. Habari ya Anitha sijui nikujibuje, nisamehe, leo sina nguvu. Kuhusu mtoto nakujibu. Nilikataa kwa sababu ninamheshimu. Kama nisingemjali, ningekuja na kitenge kipya, nikasema ndiyo mara tatu, tukala pilau, nikaondoka.

Lakini ulikuwa umeshika siri mbili kwa mkono mmoja, kaka. Ulipoufungua ili utoe yangu, ulitegemea ya baba ibaki?

Niambie kitu kimoja tu. Nani anamsomea sasa?

Raheli


Zombo, 3 Aprili 2024

YAH: UAMUZI WA KIKAO CHA WAZEE WA KANISA

Ndugu Raheli Ngassa,

Kikao kilichoketi tarehe 2 Aprili kimeamua kwamba usimame mbele ya washarika Jumapili ya tarehe 21 Aprili, ukiri kosa na kurudi kundini. Ukifanya hivyo, Mwinj. Filipo Ngassa ataendelea na huduma kwa kusaidiwa hadi Desemba, ataagwa kwa heshima, na mtaa wetu wa kanisa utaliomba jimbo abaki katika nyumba anayoishi. Usipofanya hivyo atastaafishwa tarehe 30 Aprili na nyumba atapewa mwinjilisti mpya kutoka Malolo.

Hapo juu ameandika katibu. Hapa naandika mimi.

Umeuliza nani anamsomea. Mimi nilikataa zile karatasi za bluu. Akazikunja mfukoni, akatoka na fimbo, akaenda kwa jirani, Bi Zaina, mwalimu mstaafu, unamjua. Bi Zaina yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, koo limemkauka, akamsomea mahubiri ya ufufuo mara nne. Siku ya Pasaka baba yako akayahubiri yote. Neno kwa neno, nilikuwa nafuatilia. Alijua ulivyo, akayahubiri vilevile. Watu wawili walisimama kutubu, mmoja ni Nickson, yule wa kilabuni. Mtoto wetu alibatizwa, Teresia wa kwaya akamsimamia.

Kikao hakikuwa chepesi. Mzee Alfred alisema, "Jina lenyewe tu! Raheli wa Mwanzo aliiba miungu ya baba yake akaikalia."

Mama Elizabeti akamjibu, "Huyu wetu hajaiba, ameiacha palepale barazani." Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza.

Mzee Alfred hakukubali. "Shetani naye alimsomea Bwana maandiko, kule jangwani."

"Basi, mzee Alfred," Mama Elizabeti akasema, "mwaka mzima umemjibu shetani amina, tena wewe ndiye mwenye sauti kubwa kuliko sisi sote."

Hapo hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja alikuwa anahesabu amina zake.

Mwisho mzee Dotto aliuliza, polepole, si kwa ubishi: "Nickson ameacha pombe siku ya tatu leo. Tumrudishe kilabuni?" Tukaenda kwenye kura.

Dada, ni dakika tano. Baba yako anaijua nyumba ile kwa nyayo. Nakuomba kwa ajili yake, si kwa ajili yetu.

Obed


Mikumi, 9 Aprili 2024

Bi Zaina, shikamoo. Asante kwa macho yako. Hii msomee yote, usiruke. Sina tena cha kuficha.

Baba, shikamoo.

Tarehe 21 nitakuja. Nitasimama na kusema wanachotaka.

Nimeshayatunga maneno, ni mazuri. Yana yule kondoo mmoja na wale tisini na tisa. Nitainamisha kichwa pale panapohitaji kuinamishwa, Mama Elizabeti atapiga kigelegele, mzee Alfred atanishika mkono. Nimekuandikia maneno ya watu wengine kwa miaka mitatu, sioni kwa nini yangu ya dakika tano yanishinde.

Nimechoka, baba. Naomi ameniandika kwenye orodha ya maombi ukutani, kati ya mwalimu mwenye kisukari na basi la shule lililoharibika gia. Kila asubuhi nakunywa chai nikilitazama jina langu. Wananisalimia kwa sauti ya wodini. Mmoja amenipa kitabu kidogo kinachoeleza Biblia ni nini. Sina nguvu ya kubishana na hata mmoja wao, na wengi ni watu wema, ndiyo maana inachosha. Acha niseme ninachotakiwa kusema, nipumzike, nawe upumzike.

Ukihamishwa utaanza upya kujigonga. Pale unajua hatua za kufika kisimani, unajua mlango wa jiko unakwama upande gani. Sitaki mtu akuondoe hapo kwa sababu ya kitu nilichokiandika mimi.

Swali moja. Kwa nini hukuniambia kuhusu macho?

Raheli


Zombo, 17 Aprili 2024

Raheli,

Usije Jumapili.

Nimekwenda mwenyewe. Nilimwomba Bi Zaina anishike mkono mchana kweupe, tukapita katikati ya kijiji mpaka kwa mwenyekiti wa wazee, akawaita wenzake. Nikawaambia kwa mdomo wangu: mimi ni kipofu tangu Juni, na mahubiri mliyoyapenda si yangu, ni ya binti yangu. Nimewadanganya mara mbili kila Jumapili. Kama kuna wa kusimama mbele za watu ni mimi. Jumapili nitasimama. Tarehe thelathini nitatoa ufunguo.

Mzee Alfred alisema, "Mwinjilisti, tulikuwa tunakutafutia njia." Nikamwambia najua. Wana huruma, usiwachukie.

Katika miaka hii hukuwahi kuniandikia mahubiri juu ya Yefta, nami sikuwahi kukuuliza sababu. Mimi mwenyewe nimekuwa nikikipita kisa kile mbiombio kwa miaka thelathini. Juzi, ulipoandika utakuja kusema, nilikaa nacho. Mtu ametamka nadhiri yake kwa mdomo wake, kumtoa sadaka atakayetoka kwanza kumlaki, ili ashinde vita vyake. Binti anatoka nyumbani akicheza kumlaki. Naye badala ya kuulaumu mdomo wake anamwambia binti, umenitesa. Na binti, kwa adabu yake, anamwambia nitendee kama ulivyosema. Ndivyo ulivyoniandikia wewe, kwa adabu. Mimi ndiye niliyeapa kulichunga kundi lile kwa macho nisiyokuwa nayo, halafu wewe ndiye upande madhabahuni? Hapana. Bati la nyumba halitolewi sadaka ya mtoto.

Tena ungesimama pale useme namwamini, na mimi nimekaa mbele najua huamini, ningekuwa nimefundisha nini maisha yangu yote?

Usidhani nimefurahi. Nimeumia mahali ambapo sikujua pana kuumia. Sijakusamehe, na sijui kama mimi ndiye wa kusamehe. Umeuliza kwa nini nilificha macho. Niliogopa utaacha kazi uje kunitunza. Sasa nami nakuuliza, unijibu kweli. Maneno yale nilikuwa nayabeba mbele za watu kama mtu anayebeba chakula cha wagonjwa. Ulipokuwa unayaandika, ulikuwa unanicheka?

Baba yako

Mimi Zaina ninayeandika. Marahaba, mwanangu. Kuna maneno makali ambayo sikuyaandika, kwa sababu aliyasema na kuyarudisha mwenyewe kabla sijainua kalamu. Mahubiri ya ufufuo si ya dini yangu, ila kama mwalimu nakwambia aya ya tatu ilikuwa ndefu mno. Pumzi iliniishia, nami nilikuwa nimefunga.


Mikumi, 22 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Bi Zaina, shikamoo. Nitafupisha aya.

Hapana. Sikukucheka hata siku moja.

Obed aliniuliza swali hilohilo kwa ajili ya Anitha, nikashindwa kumjibu. Nimekuwa nikilitafuta jibu mwezi mzima. Wiki ile nilipokaa na Hagari, sikuwaza malaika. Nilimwona Anitha kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, jinsi alivyokuwa akitoka kabla ya wimbo wa mwisho ili akina mama wasimuulize kitu. Niliandika kwa ajili ya mgongo wake ule. Sikuamini kwamba kuna aliyekisikia kilio cha Hagari. Niliamini kwamba alilia. Hayo ndiyo niliyokupa uyabebe, na hayo yalikuwa kweli. Ya Pasaka niliyaandika nikimwaza Mama Elizabeti na mwanawe aliyechukuliwa na mto. Kila juma nilichagua mtu mmoja. Sijui kama hiyo ni imani ya aina nyingine. Watu hapa wananiambia ndiyo, eti ninaamini bila kujijua. Nawakatalia. Naomba wewe usinifanyie hivyo. Nimekwambia nilivyo, nichukue hivyo.

Kosa ninalolikiri ni hili: nilikuacha ubebe mzigo bila kukwambia aliyeufunga ni nani. Ulistahili kujua tangu mwaka jana. Nilinyamaza kwa sababu kila Jumapili jioni nilijua umehubiri, na kwamba watu wamekwenda nyumbani wepesi kidogo, na hilo lilinipa usingizi.

Sikuja jana, kama ulivyotaka. Nilikaa nikatazama saa mpaka muda wa ibada ukapita.

Sasa nisikilize. Njoo ukae na mimi. Naomi anahamia kwa mwalimu Fabiola. Nilimuuliza kama ni kwa sababu yangu. Akasema, "Ni kwa sababu mzee anahitaji chumba." Akakunja shuka. "Na wewe pia, kidogo." Tulicheka, mara ya kwanza tangu Februari. Orodha amehama nayo, amesema jina langu halifuti.

Nyumba ni vyumba viwili na jiko. Kutoka mlangoni mpaka barabara ya lami ni mbali ya kutosha, usiogope malori. Kuna daktari wa macho anayepita kituo cha afya kila mwezi. Wananiambia presha ya macho ikishachukua hairudishi, lakini twende tusikie kwa masikio yetu. Kanisa liko jirani. Nitakufikisha mlangoni kila Jumapili na kuja kukuchukua. Ukitaka nikusomee Biblia nitakusomea, kama ilivyoandikwa, bila kuongeza neno langu.

Tarehe 29 nitakuja na gari. Usianze kufunga vitu peke yako.

Raheli


Zombo, 26 Aprili 2024

Mwanangu Raheli,

Barua ilifika jana. Maji yalikata barabara, yule wa bodaboda alivuka akiwa ameiweka kwenye kofia ya pikipiki.

Jumapili nilisimama. Sijui nyuso zilikuwaje. Niliposhuka kuna mtu alinishika mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, wakaanza kubishana nani anipeleke nyumbani. Mmoja alikuwa mzee Alfred. Nickson hakuwepo. Wanasema amerudi kilabuni. Wengine wanasema ni kwa sababu yako, wengine kwa sababu yangu. Mama Elizabeti anasema ni kwa sababu ya pombe.

Nilimwita Anitha, nikamwomba Bi Zaina amsomee ile sehemu yake. Alimtoa mtoto mgongoni akanipakatia, akakaa muda mrefu, kisha akamchukua wakaenda. Obed alikuwa nje hakuingia, lakini leo asubuhi amekuja na kamba na magunia, anafunga vyombo tangu saa mbili na hajaongea. Usimwanze. Akiwa tayari ataanza yeye.

Nitakuja Mikumi. Kwamba unaamini bila kujijua, sitasema. Umenikatalia, nami nimesikia. Lakini mimi naamini nikijijua, na wewe nichukue hivyo. Kwa hiyo nina sharti moja.

Kabla ya kula nitaomba. Nitaomba kwa sauti, na nitakutaja kwa jina, hutanizuia. Si lazima ufumbe macho, mimi sitajua. Si lazima useme amina. Ila usianze kula kabla sijamaliza.

Baba yako,
Filipo Ngassa